Marehemu Kalisti Nsokolo, Aliyesomea Kusikiliza

Ndugu waombolezaji, haya yamesemwa na mjane wa marehemu, Felista, asiyejua kusoma. Mimi katekista Osward nimeandika kama alivyosema.

Marehemu Kalisti Nsokolo alizaliwa Kabungu mwaka 1919, mtoto wa pili wa mzee Melkior. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, kisha akafunzwa udresa, kazi ya kufunga vidonda hospitalini. Mwaka 1941 alifunga ndoa na Felista. Siku hiyo alichelewa kanisani kwa sababu njiani alimkuta bibi kizee aliyejikata na jembe, akasimama kumfunga kidonda. Watu walicheka. Bibi harusi naye alicheka.

Mwaka 1951, akiwa na cheti tayari, alichaguliwa kwenda Jimbo la Kati kusomea kwa miaka miwili kazi ya kuhudumia wagonjwa wa akili. Huko alifundishwa kukaa na mwenye huzuni, kumsikiliza bila kumkatiza, na kutunza siri yake. Nyumbani Felista alilima peke yake, akilea binti yao Romana na mapacha.

Agosti 1952 surua iliwachukua mapacha wao, Ubaldo na Josephina, ndani ya wiki moja. Marehemu alikuja likizo. Kila asubuhi alikaa na mkewe wakimenya karanga, akimwuliza, naye akimwambia yote, hata kwamba bado aliwatengea watoto uji. Marehemu aliandika. Felista alidhani anaandika majina yao yasipotee.

Alifaulu, wa pili darasani, akaanza kazi Mpanda mwaka 1953. Wengi mliopo hapa aliwatuliza. Hilo ni kweli.

Mwaka 1955 mwenzake wa masomo, Silvesta, alikuja kula nyumbani. "Shemeji, kumbe ndiye wewe uliyekuwa unawatengea uji watoto waliofariki! Habari zako aliziandika kwenye mtihani wake, tukasomewa darasa zima."

Felista akamgeukia mumewe. "Baba Romana, mimi ndiye mtihani wako?"

"Jina sikuandika, mama."

"Kabungu waliozika mapacha wiki moja ni wangapi?"

Habari zikatoka. Kisimani wakaanza: "Mpisheni mgonjwa wa Kalisti achote."

Januari 1958 marehemu alianza kukohoa damu. Huyo "mgonjwa wa Kalisti" ndiye aliyemwogesha na kumlisha miezi mitano. Alimwomba mumewe jambo moja tu: awaambie watu kwamba mkewe alikuwa na msiba, si wazimu.

"Nikipata nafuu," alijibu.

Hakupata. Alifariki tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi.

Ameacha binti mmoja, Romana; dada mmoja, Marselina; na mjane, Felista, mwenye akili timamu.

Apumzike kwa amani ile aliyowapa wengine.