Bei ya Chini ya Shali: Maisha ya Mzee Kulow Abdow

Assalaam alaykum, ndugu, majirani na wageni wetu mliofika hapa Waberi leo Jumapili, tarehe 19 Januari 2025, siku ya tatu ya msiba. Kwetu marehemu husomewa dua, wala si historia, na dua tumeshasoma, lakini wenzake wa soko la mifugo pamoja na majirani waliotoka bara wameomba wasikie maisha yake kama ilivyo desturi kwao, na familia imeliona ombi hilo kuwa la heshima. Kwa hiyo maneno haya yameandikwa kwa Kiswahili, ili asiachwe mtu nje, na yanasomwa na Abdijabar, mtoto wa dada wa marehemu.

Mzee Kulow Abdow alizaliwa mwaka 1953 karibu na Banissa, mtoto wa pili wa Mzee Abdow na Mama Bishara, wafugaji wa ngamia. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Januari, kama vitambulisho vya nusu ya wazee walioketi hapa, ila mama yake alishikilia hadi mwisho kwamba alizaliwa wakati wa mvua za gu, zile za Aprili hadi Juni, tena mvua nzuri, na marehemu alipenda kuwauliza makarani ni gu gani hiyo inayonyesha Januari. Alianza chuo cha Kurani akiwa na miaka sita, kisha Januari 1962 akaingia shule ya msingi Elwak, akasoma hadi darasa la nne, na mwaka 1966 baba yake akamrudisha kwenye mifugo, jambo ambalo hakulilalamikia, kwa kuwa alisema ngamia walikuwa wakimsikiliza kuliko mwalimu.

Katika miaka ya kuswaga mifugo kutoka Banissa hadi Garissa ndipo alipojulikana kwa jicho lake. Alikuwa akimtazama mnyama aliyekonda, anamshika nundu, anamwangalia macho, kisha anasema huyu atafika na huyu hatafika, na mara chache sana alikosea. Alikuwa akisema kuna mnyama aliyechoka kwa ugonjwa na kuna aliyechoka kwa kiu, wote wawili huinamisha kichwa namna moja, lakini wa kiu ukimpa maji atanyanyuka.

Tarehe 3 Aprili 1978 alihamia Garissa na kuanza kazi ya udalali katika soko la mifugo, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitatu. Kwa wageni wasiojua, madalali wetu hawataji bei kwa sauti, bali hufunika mikono yao miwili kwa shali, na mmoja humshika mwenzake vidole kwa idadi anayotaka, akirudia kushika ikizidi tano, asione wala asisikie mtu mwingine, na bei hiyo hubaki kati ya mikono miwili hata biashara isipofanyika. Wakikubaliana, huachana na vidole na kushikana kiganja kwa nguvu, na hapo mambo yamekwisha. Kwa mdomo Mzee Kulow aliongopa kama dalali yeyote, hatutamsingizia utakatifu mbele ya watu waliomjua, lakini chini ya shali hakuwahi kumdanganya mtu hata siku moja, na hilo alijivunia kuliko mali.

Ijumaa tarehe 14 Agosti 1981 alimwoa Khadijo Abshir, aliyekuwa akiuza maziwa ya ngamia karibu na lango la soko, na Mungu akawajalia watoto wanne, Abdisamad, Filsan, Ruweyda na Sharifo, kisha wajukuu kumi na mmoja. Alimfundisha mkewe lugha ya vidole kwa mzaha, akiomba chai kwa kumshika vidole viwili chini ya shali mbele ya wageni, maana yake vikombe viwili na sukari ya kutosha, na Mama Khadijo naye alikuwa akimjibu kwa kidole kimoja.

Ugonjwa ulimwanza mwishoni mwa mwaka 2010, na aliuficha kwa ujanja wa kazi yake. Njia ya kutoka nyumbani hadi sokoni ilimshinda pumzi, akawa anasimama mara tatu, na kila anaposimama anamshika mbuzi wa mtu na kumfungua mdomo kana kwamba anakagua meno, mpaka Waberi nzima ikaamini kwamba Mzee Kulow ananunua mbuzi. Filsan, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyegundua kwamba baba yake anakagua sana na hanunui hata mmoja. Alimpeleka akapimwe hapa Garissa, na kutoka hapa akapelekwa Nairobi, ambako tarehe 20 Aprili 2011 familia iliketi mbele ya Daktari Najib, ambaye leo yuko nasi.

Daktari alieleza kwamba mishipa mitatu inayolisha moyo imeziba, na inatakiwa ipandikizwe mishipa mingine ya kupitisha damu pembeni. Alieleza pia kwamba moyo mzima husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyomo kila unapopiga, hamsini na tano kwa mia au zaidi, na wa Mzee Kulow ulikuwa unasukuma ishirini na sita, na kwamba mtu anayeingia kwenye upasuaji na moyo dhaifu hivyo hana matumaini sawa na anayeingia na moyo wenye nguvu. Alipofungua kinywa kutaja matumaini hayo ni kiasi gani, marehemu alimzuia, akawatazama watoto wake, akavua shali begani na kufunika mkono wa daktari na wa kwake. Alimwambia, "Daktari, hiyo maneno usiseme na mdomo, sema na kidole."

Hapo akamfundisha daktari udalali kwa dakika tano, na daktari akafundishika. Marehemu aliuliza mara tatu kwa kumnong'oneza, akitaka kila mara idadi kati ya watu kumi wenye moyo kama wake, na daktari akajibu mara tatu, na hakuna mwingine aliyeona. Swali lake la mwisho alilitoa kwa sauti, akitaka kujua kama moyo huo umechoka kwa ugonjwa au kwa kiu, na daktari akamwambia kwamba sehemu kubwa ya nyama yake haijafa, imelala kwa kukosa damu, na damu ikirudi huenda ikaamka. Marehemu aliacha vidole, akakishika kiganja cha daktari kwa nguvu, akawageukia watoto na kuwaambia bei ni nzuri. Watoto walifurahi, wakaenda kutafuta chakula.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu tarehe 9 Mei 2011, ukachukua saa sita, na siku ya kumi na moja alitoka hospitalini akitembea mwenyewe. Kipimo cha mwaka uliofuata kilionyesha moyo unasukuma arobaini na moja kwa mia, na marehemu akatangaza sokoni kwamba mnyama amekunywa maji. Hakurudi kwenye udalali, ila alienda sokoni kila asubuhi kukosoa madalali vijana, alihiji mwaka 2014, aliwaozesha Ruweyda na Sharifo, na alitembea hadi sokoni bila kumsumbua mbuzi wa mtu.

Tarehe 9 Mei 2016 alichinja mbuzi wawili akawalisha majirani, hakusema kwa nini. Tarehe 9 Mei 2021 alichinja ngamia, na tulipomuuliza sadaka ni ya nini alisema nyama inapoa, tule.

Mwaka 2023 miguu ilianza kuvimba na pumzi kupungua tena, akatibiwa vizuri, na Ijumaa iliyopita, tarehe 17 Januari 2025, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya swala ya alasiri.

Jana Abdisamad alimwomba Daktari Najib ataje zile bei tatu, na daktari akakataa, akasema alifundishwa kwamba bei ya chini ya shali haisemwi. Ndipo Mama Khadijo aliposema kwamba yeye anazijua tangu siku ile ile. Watoto walipokwenda kutafuta chakula, alimwambia mumewe kwamba maneno ya mdomo wake ameyasikia, sasa aingize mkono chini ya shali, na mzee, ambaye angeweza kumdanganya kwa mdomo asubuhi hadi jioni, akamshika vidole tisa, halafu sita, halafu vinne. Kati ya watu kumi, tisa hutoka kwenye upasuaji, sita hufika miaka mitano, wanne hufika kumi. Mama Khadijo anasema aliogopa sana, kisha akamshika kiganja, na hawakulizungumza tena, isipokuwa wale mbuzi wa mwaka wa tano na yule ngamia wa mwaka wa kumi aliwachagua yeye mwenyewe. Leo ametoa ruhusa tuseme.

Ametoa ruhusa pia tuseme hili, kwamba Ijumaa asubuhi, sauti ya mzee ilipokwisha, Mama Khadijo aliingiza mkono chini ya shali kumuuliza anataka nini, akingoja vidole, na mzee hakushika kidole hata kimoja, alimshika kiganja kwa nguvu zote zilizobaki.

Familia inamshukuru Daktari Najib na wenzake wa Nairobi, madaktari na wauguzi wa Garissa, majirani wa Waberi ambao mbuzi wao walikaguliwa meno bila sababu, madalali na maofisa wa soko la mifugo waliobeba jeneza, na wote mliosafiri kutoka Banissa na Elwak. Mwenyezi Mungu amrehemu, alipanue kaburi lake na ampokee kwa wema. Tuna huzuni, lakini hatuna manung'uniko.

Pumzika kwa amani, Mzee Kulow, shali lako liko begani kwa Khadijo.