Kisigino cha Bi Ummkulthum na Unga wa Rangi Mbili

Mgeni rasmi, Dk. Rahila Jecha, Mwalimu wetu Kheir, wazee wetu mlioacha biashara zenu Mlandege kuja kutusikiliza: assalaam alaykum.

KARIBU JANG'OMBE
Daktari, umeingia kwa watu wasiochezewa na kijidudu. Sisi wanafunzi thalathini na wawili tunanawa mikono mpaka mistari ya viganja inataka kufutika, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpa mtu dawa ya bakteria bila ya cheti cha daktari. Maneno haya tuyaweke kiporo, tutayarudia.

TULIKOTOKA
Miaka miwili nyuma tulisoma vijidudu ubaoni. Mwalimu Kheir akichora duara, hiyo bakteria. Akichora duara jengine, hiyo chembe nyeupe ya damu. Kuyatofautisha kulikuwa ni imani tu. Kisha ukatuletea hadubini mbili na kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Siku ya kwanza tuliotesha uchafu wa vidole vyetu wenyewe, na wawili wetu mchana ule walikula kwa kijiko. Ahsante sana.

TULICHOVUNA
Sasa twajua kuwa ngozi ni ukuta. Ukitoboka, chembe nyeupe huja mbio kummeza mvamizi. Zipo nyengine zinazoshika sura kama sheha, mkuu wa mtaa: mgeni mbaya akirudi mtaani, jina lake lishaandikwa. Chanjo ni kumpelekea sheha picha kabla mwizi hajafika. Twajua dawa za bakteria haziyawezi mafua, maana mafua ni ya virusi. Tena kinachozoea dawa si mwili, ni bakteria. Ukiwapiga nusu ukaacha, wanaobaki ni wale wagumu, na hao ndio wanaozaana.

KILICHOTUFIKA
Katika mtihani wa hayo yote mwenzetu mmoja alipata tisini na nne. Wiki ile ile akenda Paje kumtazama bibi yake, Bi Ummkulthum, mkulima wa mwani, aliyechomwa kisigino na kijiti cha shambani kwake majini. Mwenzetu akatoa vidonge vya rangi mbili alivyovisaza alipougua jino, akafungua ganda, akamwaga unga juu ya kidonda, kama wafanyavyo wengi. Siku ya tatu kidonda kikakauka juu. Akajisifu, akaacha. Siku ya kumi mguu ukavimba mpaka juu ya kifundo, homa ikapanda, na daktari wa hospitali akasema uvimbe ukizidi huenda mguu ukakatwa.

Daktari huyo akaomba usaha uoteshwe hapa, Mwalimu Kheir akasimamia. Juu ya sahani tukapanga vikaratasi sita, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Asubuhi, bakteria walikuwa wameota mpaka mlangoni pa vitano, na miongoni mwa hivyo, kile chenye dawa ya rangi mbili walikuwa wamekizingira kabisa. Cha sita kilizungukwa na duara tupu, safi kama sinia iliyokombwa.

Bi Ummkulthum akapewa dawa ile ya sita, akaimaliza yote. Leo amekuja kwa miguu yake miwili. Daktari, kabati lako ndilo lililomleta.

OMBI
Vikaratasi vilivyobaki vinatosha sahani tatu. Mgonjwa wa nne tutamwoteshea usaha wake, lakini dawa yake hatutaijua. Tunakuomba vikaratasi, na utuombee nafasi ya kuzungumza na wauza dawa wa mjini, ili kiporo cha dawa kisigaiwe kama kiporo cha wali.

RIDHAA
Mgonjwa hatajwi bila ridhaa yake, kwa hiyo tulimtuma Bashira, katibu wetu, akamwombe. Bi Ummkulthum akamwambia: "Nitajeni, na kisigino mkitaje. Lakini alonitia ule unga naye atajwe, tena kwa mdomo wake. Miye ntakaa mbele. Akimeza jina, ntasimama nimtapishe."

Mgeni rasmi, bibi huyo ndiye aliyekaa kushoto kwako. Basi pale tuliposema thalathini na wawili, pasomeke thalathini na mmoja.

Mola akuzidishie afya, na mkono uliotupa usipungukiwe.

Ni sisi, Klabu ya Hadubini, Jang'ombe.

Msomaji, na mmwaga unga: Junaid, mjukuu wa Bi Ummkulthum.