Mwakilishi Wetu Aingie Tangu Ajenda ya Kwanza

Mgeni rasmi, Mwenyekiti mpya wa Baraza la Chuo,

Sisi wakufunzi wa chuo hiki cha wananchi tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umekuja kwenye mahafali, na saa tisa utaongoza kikao chako cha kwanza cha Baraza. Hatutakuchosha.

TULIKOTOKA
Chuo kilianza na madarasa mawili ya watu wazima wenye kazi na familia. Katiba yake ilitupa kiti kimoja barazani, chenye kura. Lakini kwa miaka sita mwakilishi wetu, mkufunzi wa ushonaji anayekusomea risala hii, huitwa kikao kikishafika "mengineyo". Akiingia, vikombe vya chai vimekauka na maamuzi yamepita. Huulizwa, "Mwalimu, una la kuongeza?" Huongeza salamu.

TUNACHOJIVUNIA
Geti ulilopitia limechomelewa na wahitimu wa leo. Mmoja wao ni mama wa watoto watatu aliyekuja hapa akiwa mfagiaji wa soko. Sasa ana karakana yake, na ameajiri shemeji zake wawili.

KINACHOTUKWAZA
Mwaka juzi Baraza lilijenga karakana mpya ya uchomeleaji. Ramani hatukuonyeshwa. Ilipokabidhiwa, ilikuwa na vidirisha viwili vya juu, kama stoo. Mwenzetu wa uchomeleaji, tunayemwita Cheche, alifundisha humo siku tatu, darasa zima likatoka likikohoa. Tangu hapo anafundishia uani. Mvua ikinyesha, umeme unazimwa na watu wanarudi nyumbani. Mwanafunzi mmoja alimtania, "Mwalimu, siku hizi ratiba inapangwa na mawingu?"

Tulicheka. Kumbe vipindi hivyo viliandikwa utoro, na ajenda ya nne ya leo ni kuifuta kozi hiyo kwa sababu ya utoro. Mgeni rasmi, hilo linatuuma sana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekilalia hakuulizwa. Nasi tuna lawama yetu: tulinung'unika kwenye chumba cha walimu, barazani tukafyata mkia.

OMBI
Tuliandika maombi saba. Jana tuliyafuta sita.

Tunaomba mwakilishi wetu aingie leo tangu ajenda ya kwanza, aeleze habari ya karakana, na apige kura yake. Hii si fadhila, ni katiba. Tukishindwa kwa kura tutakubali, na kesho tutafundisha tutakachopangiwa. Lakini tushindwe tukiwa ndani.

Makofi yakiisha, mwakilishi wetu hatarudi kuketi nasi. Atakufuata hadi chumba cha mikutano. Tafadhali, usimfungie nje.

Mungu akupe afya, na akupe subira ya kutusikiliza.

Ni sisi wakufunzi wa chuo, wote thelathini na mmoja, Cheche akiwa wa kwanza kutia sahihi.