Dada Yetu, Aliyetukalisha Meza Moja

Dada yetu mpendwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya sita. Baba yetu alikuwa mwashi, mama alikuwa mfuaji nguo. Nyumbani, baba alikula peke yake sebuleni, mama alikula amesimama jikoni, na sisi watoto tulikaa kizingitini, sahani mapajani. Mama alipenda kusimulia kwamba dada, akiwa na miaka minane, aliuliza kwa nini tunakula kama abiria wasiojuana. Baba alimwambia anyamaze ale. Alikula, ila hakunyamaza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha akajifunza ushonaji kwa miaka miwili. Januari 1969 aliajiriwa katika karakana ya sare za shule, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Aliwakuta washonaji wakila kila mtu kwenye cherehani yake, migongo wamepeana. Mchana mmoja alitandika kitambaa juu ya meza ya kukatia, akawaita wote. Mwenye karakana akauliza, "Hapa ni kazini au harusini?"

"Meza nimeifunika, bosi, haitaingia mafuta. Kaa na wewe."

Akakaa. Tangu hapo, aliyeuguliwa na mtoto hakuhangaika kujieleza. Wenzake walishazisikia habari zake mezani, wakagawana kazi yake.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, mtu mpole na mgumu wa maneno. Dada alitutania kwamba miezi ya mwanzo alimsikia mumewe akisema "nipe chumvi" tu, na siku alipoongeza "leo nimechoka", yeye aliweka kijiko chini amsikilize vizuri. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Jambo lililomuumiza zaidi lilitokea mwaka 1998. Kijana wao mkubwa aliikataa kazi ya umeme, akataka kuwa kinyozi. Yeye na baba yake walirushiana maneno mazito, kijana akahama. Walikaa zaidi ya mwaka bila kusalimiana, ingawa walikuwa mji mmoja. Dada hakumhukumu yeyote. Jumapili moja alipika, akafunga sufuria kwa kanga, akamwambia mumewe, "Nisindikize mahali, mzigo ni mzito." Shemeji alikuja kujua wanakoenda walipofika mlangoni kwa kijana.

Chumba hakikuwa na meza. Kijana alilaza ubao juu ya ndoo mbili. Shemeji alibaki amesimama, akitazama ukuta. Mwishowe akasema, "Soketi hii imelegea. Itakuua."

"Nilikuwa naogopa kuigusa, baba."

"Lete bisibisi."

Aliikaza, akanawa mikono, akakaa. Walikula wali na mchuzi, na kabla sufuria haijaisha, baba alikuwa akiuliza wateja wa kinyozi wanafikaje pale. Jumapili iliyofuata kijana alikuja kula nyumbani. Dada alituambia baadaye kwamba hakuwa amepanga hotuba yoyote. Alijua tu kwamba ni vigumu kumnunia mtu huku unampitishia mchuzi.

Novemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Alitibiwa kwa uvumilivu, lakini mwaka uliofuata hakuweza tena kumeza, akawa analishwa kwa mpira. Tulianza kula jikoni kwa kujificha, tukiona haya kutafuna mbele yake. Alitugundua. Kwa sauti iliyobaki kidogo sana alisema, "Mkinificha chakula, mmenizika kabla ya siku yangu. Njooni mezani." Tukarudi. Hakuonja kitu, lakini alicheka nasi, akauliza nani kazidisha chumvi, na watoto wakabishana mbele yake kama zamani.

Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, na wadogo zake watatu, nikiwemo mimi ninayesoma haya. Familia inawashukuru wauguzi, majirani na washonaji wenzake waliokuja kukaa naye.

Mola amlaze mahali pema, dada yetu, na ampe pumziko la amani.