Msizibe Pengo la Beldina

Gichuki, zima hiyo redio. Janice, acha kunipepea, upepo wa ziwa unanitosha. Sikilizeni wanangu, kwa sababu jana daktari alipomaliza kunipima alizungumza na Janice, akaniacha mimi nikitazama ukuta, na nimeishi vya kutosha kujua maana yake.

Nyumba hii ya Nyamasaria ni yenu wawili, na mmoja asiiuze bila mwingine. Inueni sakafu kabla ya mvua ndefu, maana mto ukijaa haubishi hodi. Duka la Manyatta ni la Janice, ambaye amelilinda wakati sisi wengine tulikuwa tunapiga muziki. Kinanda changu cha kuvuta ni chako, Gichuki, ingawa mikunjo yake inavuja hewa kama mimi. Hayo ni mepesi. Zito ni wimbo. Marehemu Maarten, Mholanzi wa bendi yetu, aliniachia mimi neno la mwisho juu ya wimbo wetu, na nikiondoka neno hilo linabaki kwenu. Najua kuna kijana wa kampuni ya muziki anayengoja nifumbe macho ili wewe, Gichuki, uweke sahihi. Usigune. Mama anayekufa hajawa kiziwi.

Babu yenu Njuguna alikuja Kisumu kuuza viazi na misumari, na jioni alivuta kinanda akikumbuka ngoma za kwao milimani. Mimi nilizaliwa hapa, nikafunzwa vidole na baba na miguu na majirani. Kwa Wakikuyu nilikuwa mtoto wa ziwani, kwa Wajaluo nilikuwa mtoto wa mlimani, na mahali pekee ambapo sikuulizwa niko upande gani ni ndani ya wimbo.

Ndipo wakaja Waholanzi wanne, vijana warefu waliochomwa na jua hadi kwenye masikio. Bendi yao waliiita Natte Voeten, yaani Miguu Iliyolowa, kwa sababu kwao, walisema, bahari iko juu na watu wanaishi chini yake. Maarten alipiga tarumbeta, na Ruben alikuwa na mashine za midundo ya disko. Walichanganya jazi na hiyo midundo, na walipomsikia mwanamke Mkikuyu akipiga benga ya Wajaluo kwa kinanda cha kuvuta sokoni Kisumu, Maarten alicheka hadi akakaa chini, akasema, "Mama, wewe umeshachanganya kabla yetu."

Onyesho letu la kwanza pamoja lilikuwa Kombewa, kule Seme. Watu walijaa, vumbi likapanda, na katikati ya wimbo Sydney, fundi wa baiskeli, akainua mkono akapaza sauti: "Simamisha hapo! Mimi Sydney, ndume ya Seme, shemeji ya nyinyi wote!" Ninyi mnajua desturi ya hapa, kwamba mtu akitaka kujitaja au kumsifu rafiki yake, wimbo unamngoja. Waholanzi hawakujua. Maarten alidhani ni mlevi anayetutukana, akapuliza kwa nguvu zaidi, na Ruben akaongeza mdundo. Sydney akabaki na mkono juu. Watu wakakaa mmoja mmoja, hata ikawa sisi tunapiga na mbuzi wanasikiliza.

Beldina, rafiki yangu muuza samaki, akapanda jukwaani na kanga kiunoni. Akaniambia, "Magda, ambia hao watoto yako, hapa wimbo si ya mwenye kupiga peke yake. Mtu akitaka kusema yeye ni nani, nyamaza. Ama wanaogopa watasahau mahali walifika?" Watu wakaangua kicheko. Nikamtafsiria Maarten. Aliona haya, akamwendea Sydney, akainama, tukaanza wimbo upya, na Sydney alipoinua mkono tulisimama wote kama ukuta. Tulicheza mpaka viatu vya Maarten vikaachana na soli.

Kutoka siku hiyo tulitunga wimbo wenye pengo katikati. Tuliurekodi hapa Kisumu, na sauti mnayoisikia ndani ya pengo hilo, muziki ukiwa umenyamaza, ni ya Beldina: "Mimi Beldina, nyar Seme, binti wa Seme, na huyu wa kinanda ni dada yangu. Mwenye neno aniambie mimi."

Nilikwenda nao Uholanzi. Mara ya kwanza tuliposimamisha wimbo kule Rotterdam, watu walidhani umeme umekatika. Wakapiga miluzi. Tukangoja. Kisha mzee mmoja aliyekuwa nyuma akasema kwamba yeye ni mtoto wa Griet aliyekuwa akisafisha samaki bandarini, na hajawahi kulitaja jina hilo mbele ya watu. Tuliporudisha ngoma, watu walicheza huku wanalia. Baada ya hapo tulijaza kumbi, tukaitwa mpaka Ureno. Lakini wahenga hawakukosea, ngoma ivumayo haidumu. Redio zilisema pengo ni refu, na Ruben akalikata kwenye nakala za redio, kisha hata jukwaani. Wimbo ukapendwa kuliko mwanzo. Ila watu waliokuja kutuona hawakujua tena kusema, walijua kuruka tu, na sisi tukawa kama mashine ya Ruben. Maarten akaenda kufundisha watoto tarumbeta, nami nikarudi nyumbani. Nilimkasirikia Ruben miaka mingi. Mkimpata, mwambieni yameisha.

Nipe maji, Janice. Kidogo.

Sasa sikieni msilolijua. Mwaka ule wa uchaguzi mbaya, vijana walipokuja kuchoma nyumba yetu ya Manyatta kwa kuwa sisi ni watu wa mlimani, ninyi mlikuwa chini ya kitanda mkaniuliza baadaye kwa nini waliondoka. Nikasema ni Mungu. Ni kweli, lakini Mungu alimtuma Beldina. Ninyi mlisikia kelele, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikasikia maneno. Alisimama pale mlangoni na beseni la samaki, akainua mkono kama Sydney, na wale vijana, waliokulia katika ngoma hizo, wakanyamaza kabla hawajajua kwa nini. Akasema, "Mimi Beldina, nyar Seme, na huyu wa kinanda ni dada yangu. Mwenye neno aniambie mimi." Wakageuka mmoja mmoja, wakaondoka.

Undugu ni kufaana, si kufanana. Beldina amelala Seme, hakuacha hata picha nzuri, na sauti yake haipo popote duniani isipokuwa ndani ya pengo hilo ambalo kampuni yako, Gichuki, inaliita kasoro. Wakitaka wimbo, wauchukue mzima. Wakikataa, waondoke na mashine zao. Msiwape kisu.

Siku ya kunizika, kwaya iimbe yake. Kisha chezeni wimbo uani, kwa nguvu, majirani wasikie. Beldina akimaliza kusema, simamisheni. Mmoja wenu ajitaje, na amtaje aliyesimama mlangoni petu siku ile. Msione haya... Watoto wa Beldina ni ndugu zenu. Wakae mbele, pamoja nanyi.

Mungu awape... awape jirani anayejua jina lenu. Awape miguu mikavu. Na ikilowa, basi ilowe pamoja.

Nikinyamaza, msikimbilie kulia. Ni pengo tu. Wimbo unangoja... mtu.

Haya, Gichuki. Inua mkono, baba.

Sema wewe ni nani.