Roland Hudak, Mtangazaji Aliyekataa Sanduku la Kadi (1946–2019)

Roland Andrew Hudak alizaliwa tarehe 9 Mei 1946 mjini Barberton, Ohio, mtoto wa pili wa marehemu Stefan, fundi wa kiwanda cha matairi, na marehemu Ludmila. Alibatizwa katika kanisa hili tunamoagana naye leo.

Alisoma shule ya parokia, akahitimu sekondari mwaka 1964. Ripoti yake ya mwisho ilisema: “Ana akili, ila hasikii la mkuu.”

Mwaka 1969 aliajiriwa na kituo cha redio cha biashara mjini Akron, ambacho familia imekataa jina lake lichapwe hapa. Siku zile mtangazaji wa roki aliingia studioni na santuri alizozichagua mwenyewe, akaziunganisha kwa sikio lake: nyota wa ng’ambo, kisha vijana wa mtaa wa pili ambao hakuna aliyewahi kuwasikia.

Mwaka 1972 muuguzi Marlene Toth alipiga simu kulalamikia kelele. Roland aliweka santuri ya dakika ishirini ili wazungumze. Santuri ikaisha, wao wakiendelea kucheka, na mji mzima ukasikiliza sindano ikikwaruza. Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1973.

Mwaka 1978 walikuja wamiliki wapya na sanduku la kadi thelathini, kila kadi imeandikwa wimbo mmoja wa kupigwa kwa zamu.

“Roland, kaka, unapiga kadi ya mbele, unairudisha nyuma,” meneja alimweleza. “Hata mtoto wa darasa la pili anaweza.”

“Basi mwajirini huyo mtoto.”

Wasikilizaji nao walimjia juu kwa simu. “Wimbo huu nimeusikia nikienda kazini, na sasa narudi ni huohuo! Umelewa?”

“Sijalewa, mama. Nimepangiwa.”

Akaanza kurudisha kadi nyuma bila kuzipiga, akiweka santuri zake. Meneja aligundua. Ijumaa, tarehe 12 Oktoba 1979, alimwekea hati mezani: atie sahihi ahadi ya kulifuata sanduku, au afukuzwe. Marlene alikuwa mjamzito. Roland alimpigia simu palepale.

“Wanataka nitie sahihi.”

“Na wewe wataka nini?”

“Kuchagua santuri zangu.”

“Basi njoo nyumbani, Rollie. Supu iko mekoni.”

Lisemwe wazi mbele ya jeneza lake: hakufukuzwa kwa uvivu wala ulevi. Alifukuzwa kwa kuwa na masikio. Mawimbi ya hewa ni mali ya umma. Waliyageuza bomba la nyimbo thelathini, na sisi tukanyamaza. Aibu hiyo ni yetu.

Toka 1980 hadi 2011 aliendesha gari la maktaba ya wilaya, akiazimisha vitabu pamoja na santuri. Aliugua mapafu mwaka 2016, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 5 Februari 2019, Marlene akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Marlene, watoto, Theresa na Paul, wajukuu watatu, na dada yake Bernadine, anayesoma wasifu huu.

Lala salama, Roland. Huko uendako, pasiwe na wa kukupangia.