Mama Hodi Anaondoka, Mchezo Unabaki

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha ustawi wa jamii chuoni kwetu, Mama Hodi anastaafu tarehe 30 Juni. Tangazo la ofisi linasema anakwenda kupumzika. Aliyeliandika ni wazi hamjui.

Alipoajiriwa alikuta wanafunzi wanakariri hatua za kutembelea familia, kisha wakifika kwenye nyumba za watu wanaduwaa. Akaomba chumba cha mwisho kwenye korido, akatia pazia, kochi na sufuria, akakiita nyumba. Mwanafunzi anapiga hodi. Ndani yumo mama mkwe mkali, ambaye ni Mama mwenyewe, na mume asiyeondoa gazeti usoni, ambaye ni mhasibu wetu, hakuhitaji mazoezi. Ukiketi kabla ya kukaribishwa, pointi zinakatwa. Ukiandika wakati mtu analia, zinakatwa. Ukiahidi usichoweza kutimiza, unarudi nje kuanza upya. Ofisa ustawi mmoja anayesifiwa sana leo alikaa nje ya mlango huo karibu muhula mzima, hata wageni wakadhani ni mlinzi.

Mkuu wa taaluma wa wakati huo aliagiza upuuzi huo ukome, akisema chuo si kiwanja cha watoto. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole: "Mkuu wangu, mwanafunzi akikosea kwangu anapoteza pointi. Akikosea kule, anayeumia ni mtoto wa mtu." Wiki iliyofuata ratiba ilisomeka "Mazoezi ya Vitendo, Sehemu ya Pili". Sufuria haikuhama.

Sasa agizo limerudi: Mama akiondoka, mchezo nao uondoke, chumba kiwe stoo ya viti vibovu. Viti vimeshaletwa. Sisi wa idara tumevipokea kwa heshima zote na kuvipanga sebuleni, maana nyumba nyingi watakazokwenda vijana wetu zina viti kama hivyo. Kuanzia muhula ujao, ukikalia kinachoyumba ukakunja uso mbele ya mwenyeji, pointi mbili zimekwenda. Nafasi ya mama mkwe ameichukua mwalimu mdogo kuliko wote idarani. Mama amemjaribu, akasema bado ana huruma nyingi, lakini atazoea.

Mama Hodi, asante kwa kutufundisha mahali pa kusubiri kukaribishwa, na mahali pa kuingia tu. Tunakuombea afya, usingizi mnene na wajukuu watundu wa kukushughulisha. Kundi jipya linaanza kupiga hodi Jumatatu.